Oili ya difu ilikuwa inageuka maziwa, nikamwita dereva wangu mwizi

Wakuu, heshima kwenu. Mlionitangulia kwa umri shikamooni, na wa rika langu poleni na mihangaiko.

Nipo Kayanga, Karagwe. Ninayoyaleta hapa yamenikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Pale nilipofanya ujinga sijapunguza hata kidogo, na mtaona kwa nini siwezi kupunguza.

Habari yenyewe ni ya difu. Lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ambalo wengi wetu hatulikumbuki mpaka lianze kulia. Kama una gari na hujawahi kuinama kulitazama, vuta kiti.

Kwanza mnijue. Babu yangu mzaa baba alikuja huku kutoka Pangani akiuza nguo, akaoa, akabaki. Mimi nauza maharage, karanga na unga. Mzigo naufuata Kyerwa, hasa Songambele, na mara chache Nyakasimbi. Nina pikapu moja ya diseli niliyoachiwa na marehemu baba.

Aina ya gari sitaji. Nawajua wakuu. Nikitaja tu, kurasa tatu za kwanza zitakuwa vita ya gari ya nani ngumu, na difu tutaisahau.

Dereva alikuwa Mzee Bashaija, Mnyambo wa Songambele. Ameiendesha gari hiyo tangu mimi navaa kaptula za shule. Kwao ana migomba na kahawa, na kikundi cha wakulima wa kahawa cha kijiji chao kilimkabidhi ufunguo wa ghala. Ghala ni moja, ufunguo ni mmoja, na kila mtu analaza kahawa yake mle. Kupewa ufunguo ule si jambo dogo. Ni kijiji kizima kusema kwamba wewe tunakuamini.

Baba alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nikashika duka na nikaja na mambo yangu.

La kwanza, gari isiegeshwe mbele ya duka la chakula ikiwa na tope. Nyumbani tumelelewa hivyo, usafi kwanza.

La pili, ikishapakia ije moja kwa moja. Mzee alikuwa na tabia ya kuisimamisha kule chini bondeni, karibu na kijito, akakaa kivulini nusu saa nzima hafanyi kitu. Huku dukani wateja wananitolea macho. Siku moja nikampigia simu nikamwambia huo mtindo aukome. Alijaribu kusema jambo, nikamkatiza.

Akaukoma.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, difu ikaanza kulia. Mwendo mdogo, kimya. Ukishika kasi kwenye tambarare unasikia uuuuu, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa. Ukiachia mafuta, sauti inabadilika. Nikajua hapa kuna jambo.

Tukaipeleka kwa Fundi Deo, Mhaya wa Muleba mwenye gereji pale Omurushaka. Deo ni mtu wa taratibu, anaongea kidogo na kushika nati kwa muda mrefu.

Kabla ya kugusa nati ya chini ya kumwagia, akafungua kwanza ya juu ya kujazia. Mimi ni mtu wa kuuliza. Mke wangu husema ningezaliwa kuku ningepekua hata sakafu ya sementi. Nikamuuliza kwa nini anaanza juu.

Akaniambia, "Ukimwaga oili yote halafu ukakuta ya juu imekwama, utajazia wapi?"

Hilo peke yake nimelibeba mpaka leo, nanyi libebeni.

Sasa, oili ya difu ikiwa sawa inakaa usawa wa mdomo wa tundu la juu. Ukichovya ncha ya kidole unaigusa. Ya kwangu, nati ilipolegea tu, ikaanza kumwagika yenyewe. Ilikuwa imezidi.

Akafungua ya chini. Kwanza yakatoka maji, maji kabisa wakuu, kama ya bomba la kutu. Halafu ikafuata oili yenyewe, rangi ya chai ya maziwa iliyolala, nzito na yenye povu. Kwenye sumaku iliyo nchani mwa nati ile kulikuwa na ungaunga wa chuma unaometameta.

Deo akasema ni maji. Nikasema naona, ila yamepita wapi? Chuma kimefungwa pande zote. Akakuna kichwa, akasema, "Yanaweza kuingia, bosi Abdu. Ngoja niitazame vizuri."

Sikungoja.

Huku kwetu, na nadhani hata huko kwenu, kuna stori zinazunguka kwamba dereva anafungua nati, anachota lita ya oili akauze, kisha anajazia maji ili usawa usipungue. Oili ile niliinunua mwenyewe Bukoba, kopo lina lakiri yake, nikasimamia ikiwekwa. Kwa hiyo kichwani mwangu kesi ilikuwa imeshakwisha.

Mzee Bashaija alikuwa amekaa juu ya tairi pale pale gereji. Walikuwepo mafundi, bodaboda kama wanne, na mama anayeuza chai. Mbele ya wote nikamwambia, "Umeuza oili yangu ukanijazia maji. Wewe ni mwizi."

Akasimama. "Waitu, Abdu. Mimi?"

Huku "waitu" ni neno la heshima, unamwambia mtu unayemstahi. Ananiita hivyo mzee wa umri wa baba yangu, na mimi nimeshamtukana.

Akasema, "Oili ya gari ya baba yako, mimi niiuze?"

Nikamjibu kwamba baba hayupo, ndiyo maana ameanza. Wallahi natamani ningekuwa bubu siku ile.

Hakubishana. Akaweka ufunguo wa gari juu ya boneti, akachukua koti lake, akaelekea barabarani. Deo, akiwa bado chini ya gari, nikamsikia anasema kama anajisemea, "Mwizi gani anajaza mpaka inazidi?"

Nilimsikia vizuri. Nikajifanya sijasikia, kwa sababu hasira ilikuwa tamu.

Alasiri ile ile nikaja humu humu jukwaani nikafungua uzi. Wengine mtaukumbuka, ule wa madereva wanaoiba oili na tuwafanyeje. Nilimtaja kwa jina na nikataja Songambele. Mlinijazia comments. Wako walionipa pole, wako walioniambia nimpeleke polisi, na wako waliocheka tu. Nilikaa dukani nasoma huku natabasamu, najiona mtu aliyeonewa na sasa anatetewa.

Kuna mtu akaupiga skrinishoti. Ikaingia kwenye group la WhatsApp la watu wa Kyerwa, na wiki haikuisha ikafika Songambele.

Kikundi cha kahawa kikaitisha kikao. Wakamwomba mzee arudishe ufunguo wa ghala.

Nililetewa habari hiyo na mkulima mmoja anayeniuzia maharage. Na niseme ukweli kama nilivyoahidi, sikuumia. Nilisema moyoni kumbe hata wao walikuwa wanamshuku.

Turudi kwenye oili, maana hapa ndipo nilipogeuka mwanafunzi.

Deo alibadilisha beringi mbili na sili zote, zile raba za kuzuia oili isivuje, akaniuliza nataka oili gani. Mimi nilidhani oili ya difu ni oili ya difu. Nikaanza kusoma, humu na kwingine, mpaka macho yakawasha.

Kwa kifupi, kama na wewe ulikuwa gizani, kwenye kopo kuna mambo mawili ya kusoma. Kuna namba za uzito, mfano 80W-90 au 85W-140. Ile ya kwanza yenye W inakuambia oili inavyokwenda ikiwa baridi, ya pili inavyobaki nzito ikishapata moto. Halafu kuna daraja, GL-4 au GL-5. Meno ya difu hayasagani tu, yanasuguana kwa kuteleza huku yamebanwa sana, kwa hiyo yanataka oili yenye dawa nyingi ya kuhimili mkandamizo. Hiyo ndiyo GL-5. Ukiinusa ina harufu fulani ya kiberiti, mke wangu alinifukuza nayo jikoni.

Lakini usiichukue GL-5 ukaijaza na kwenye gia boksi ya mkono kwa kuwa imebaki. Baadhi ya gia boksi zina vipande vya shaba, na dawa ile inaweza kuvila. Soma kitabu cha gari yako kwanza. Na kama difu yako ni ile inayojifunga ili tairi lisiserereke, hiyo ina oili yake maalumu, ukiweka ya kawaida utaisikia ikitetemeka kwenye kona.

Kitabu cha gari yangu, ambacho baba alikitunza kwenye mfuko wa plastiki, kinasema 80W-90 GL-5. Basi mimi kwa ujuaji wa kusoma wiki mbili nikasema hapana, milima ya huku na magunia ninayobeba, niweke 140, nzito, itavumilia.

Deo akasema, "Tuweke ukitaka. Ila uzito si dawa ya maji."

Tukaweka 140.

Halafu nikafanya jambo ambalo najua mtalicheka. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikapaka kwenye nati zote mbili, ya juu na ya chini, nusu juu ya nati na nusu juu ya chuma cha difu. Mtu akigusa nati kwa spana, rangi inapasuka na mimi naona. Nikajiona mpelelezi.

Dereva mpya alikuwa Jumanne, mtu wa Ndama hapa hapa Karagwe, mtu mzima mwenye familia. Sikumwambia habari ya rangi. Nikampa masharti yale yale: gari safi, na hakuna kusimama njiani.

Wiki tano hivi zikapita. Nikairudisha kwa Deo tuikague tu, kwa tahadhari.

Nikaingia chini mwenyewe na tochi ya simu. Rangi ya kucha ilikuwa nzima. Juu nzima, chini nzima, haina hata mkwaruzo.

Nikatoka nimefurahi. Deo akafungua ya juu, ikamwagika. Akafungua ya chini.

Chai ya maziwa.

Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa nimevaa kanzu nielekee msikitini. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi la gereji lenye grisi. Nati hazijaguswa na mtu, na maji yamo ndani. Kwa hiyo yale ya kwanza nayo yaliingia yenyewe. Kwa hiyo Mzee Bashaija hakuchota hata tone.



Deo hakusema "nilikwambia." Alinivuta mkono, akanionyesha juu ya ekseli mahali ambapo siku zote kuna tope. Akakwangua na bisibisi. Kukatokea kitundu.

Wakuu, difu ina pua. Kumbe! Miaka yote hiyo sikujua. Ikifanya kazi inapata moto, hewa ya ndani inatanuka, lazima ipate pa kutokea, la sivyo itasukuma oili ipite kwenye sili. Kwa hiyo kuna kitundu cha kupumulia, na juu yake kuna kikofia kidogo cha kuzuia uchafu. Kikofia changu kilishang'oka, haijulikani lini. Kulikuwa na tundu tupu lililofunikwa na tope.

Nikauliza, sawa, pua ipo wazi, lakini maji yanapandaje mpaka juu ya ekseli? Gari haitembei mtoni.

Deo akamtazama Jumanne. Jumanne akanitazama mimi.

"Si uliagiza, bosi, gari isifike dukani na tope? Naizamisha pale kwenye kijito."

Siku iliyofuata nikaenda naye. Oili iliyobaki ndani ilikuwa imeshaharibika, nikamwambia afanye kila kitu kama kawaida yake, mimi nataka kuona tu.

Tukapakia Songambele, tukapanda na kushuka vile vilima na magunia. Tulipofika bondeni nikamwambia asimame kwanza. Nikaingia chini nikaweka kiganja kwenye difu. Nikakitoa haraka. Moto ule ungechemshia mtu maji ya kuoga.

Halafu akaingia kijitoni, pale ukingoni palipochongwa na magari, karibu na mafunjo. Akaenda mpaka maji yakapita juu ya ekseli. Breki zikalia sss. Nilitegemea kuona mapovu yakitoka nyuma, maana nilijua difu ina hewa. Hayakutoka. Jumanne akalimwagia maji tope la ubavuni kwa ndoo, kazi ya kama dakika kumi, gari ikatoka inang'aa.

Hapa naomba niseme kabla hamjanirukia. Najua kuosha gari kijitoni ni kosa. Chini ya pale kuna watu wanachota maji ya kunywa. Huku ni jambo la kawaida mno, ila kawaida haifanyi liwe sawa, na mimi ndiye niliyekuwa nalisababisha.

Mapovu yalinikosesha raha. Mbona hayakutoka?

Nyumbani nikachukua chupa tupu ya maji ya dukani, nikatoboa kizibo kwa sindano. Nikaisuuza kwa maji ya moto, nikayamwaga, nikafunga kizibo, nikaigeuza mdomo chini kwenye beseni la maji baridi. Mke wangu, Mama Zuhra, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akaniuliza kama duka limenishinda sasa nimehamia kuchezea maji.

Tukatazama wote wawili. Chupa ikajikunja kidogo ubavuni, na maji yakaanza kupanda ndani yake, taratibu, yenyewe, kama mtu anavuta kwa mrija.

Hewa ya moto imepoa, imenywea, inavuta chochote kilicho mlangoni. Difu yangu ilikuwa inapanda vilima, inapata moto, kisha tunaitumbukiza kwenye maji baridi na pua ikiwa chini ya maji. Ilikuwa inakunywa. Kila safari kidogo kidogo, mpaka ikajaa na kuzidi, kama Deo alivyoona siku ile akiwa chini ya gari.

Mama Zuhra akaweka mwiko chini. Akasema, "Sasa Mzee Bashaija utamwambia nini?"

Nilikwenda Songambele keshoye. Nilimkuta kwenye migomba anakata majani makavu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaweka panga chini, akanikaribisha ndani. Akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote kwao. Ingekuwa afadhali angenifukuza.

Nikamweleza yote. Rangi ya kucha, kitundu, kijito, chupa. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akaniambia, "Mimi nilikuwa naipumzisha kwanza."

Nikamuuliza, wapi?

"Pale bondeni. Nilikuwa nakaa mpaka inapoa, ndiyo naiingiza majini. Wewe ukanipigia simu. Nikataka kukwambia gari lazima ipoe, ukasema mzee unataka kupumzika wewe."

Nilisema hivyo kweli. Maneno yenyewe ni hayo hayo.

Nikamuuliza kama alijua habari ya pua ya difu. Akasema hapana, hajawahi kuisikia. Aliyemfundisha udereva alimwambia chuma cha moto hakiingizwi majini, naye akafuata hivyo miaka yote bila kuuliza sababu. Nilipomkataza aliogopa kwa ajili ya gari, lakini gari ni yangu, akatii.

Wakuu, mimi ninayeuliza kila kitu, ninayemuuliza Deo kwa nini nati ya juu kwanza, sikumuuliza mzee huyu swali moja tu: kwa nini unasimama pale? Nilidhani maswali ni ya mafundi na vitabu, na dereva ni wa kuagizwa. Hilo ndilo somo langu, na limenigharimu kuliko difu.

Nikamwomba msamaha. Nikamwomba arudi kazini.

Akasema msamaha ameusikia. Kazini harudi. Ila atakuja siku moja amwonyeshe Jumanne jinsi ya kuishusha gari ile mlimani bila kuikaanga breki. Na la ufunguo wa ghala, akasema hivi, "Hukunichafua hapa nyumbani. Ulinichafua kwenye simu za watu. Nenda ukanisafishie huko huko."

Basi ndiyo nipo huku.

Kuhusu gari, kwa wanaotaka kujua. Deo aliimwaga oili ile, akaisuuza difu kwa oili nyepesi, akaimwaga nayo, akaweka 80W-90 GL-5 kama kitabu kinavyosema. Kile kitundu tumekifungia mpira mrefu wa kupitisha hewa, tukaupandisha juu hadi nyuma ya taa, na mdomo wake tumeuinamisha chini usiingize mvua. Gari sasa inaoshwa dukani kwa ndoo na kitambaa, asubuhi, ikiwa baridi. Mlio umebaki kidogo, meno yalishalika. Kila nikipita tambarare nausikia.

Na nati ya kujazia naifungua mwenyewe kila mwezi, nachovya kidole. Ikiwa rangi ya asali, nafunga. Ni kazi ya dakika tano, na nilikuwa nimeikwepa miaka yote nikisema hiyo ni kazi ya dereva.

Karibuni mchangie. Wenye ujuzi, niambieni kama kusuuza mara moja kulitosha au nirudie tena mapema. Wenye magari ya milimani, nyinyi mnaweka 90 au 140, na kwa nini? Hiyo "kwa nini" msiiache. Na wa kunisema mimi semeni, nafasi ipo.

Jambo la mwisho. Kabla ya kuuweka uzi huu nilikwenda kumsomea mzee. Hana simu ya kusomea, nikausoma kwa sauti pale barazani kwake. Rasimu yangu ya kwanza ilisema kwamba kati yetu palitokea kutoelewana.

Akanisimamisha. Akasema, "Hapakutokea kutoelewana. Mimi nilikuelewa. Uliniita mwizi. Andika hivyo."

Nimeandika hivyo.

Kikundi cha kahawa kinakutana Jumamosi hii. Ufunguo bado anao mtu mwingine, na wale wanachama walichokiona kwenye simu ni uzi wa kwanza tu. Aliyeupiga skrinishoti ule simjui na simlaumu, mimi ndiye niliyeandika. Namwomba yeye na wote mlioutuma, mpige na hii hapa chini, muitume kule kule mlikotuma ile.

Mzee Bashaija wa Songambele hakuiba oili. Maji yaliingia kwa sababu ya amri yangu, na yeye alijaribu kunionya nikamkatiza. Mwizi hakuwepo.